Kukodi, kumiliki au kushirikiana: ulinganisho wa njia za kuendesha maktaba ya chuo, kutoka Nakuru hadi Bungoma

Bajeti ya mwaka mpya wa fedha inapoanza kuandikwa, kamati za maktaba katika vyuo vya kwetu, kuanzia Njoro na Nakuru mjini hadi Maseno, Kakamega, Bondo na Bungoma, huwekewa mezani maombi yanayofanana. Kampuni fulani inauza hifadhidata ya majarida kwa mkataba wa mwaka mmoja. Muuzaji wa mfumo wa kompyuta anaahidi ripoti nzuri. Kuna pendekezo la kutoza ada ya huduma fulani ili maktaba ijitegemee. Na mhasibu anauliza kwa nini tununue kitabu kama kile ambacho kimeazimwa mara mbili tu tangu kiletwe.

Maombi hayo yote yana mzizi mmoja: fikra kwamba maktaba ipimwe kama biashara, msomaji ahesabiwe kama mteja, na kila huduma ioneshe imeingiza nini. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta na nimeketi kwenye vikao hivyo pia. Nimeona fikra hizo zikisaidia, na nimeziona zikiwafungia watu mlango. Hapa naziweka njia ya soko na njia ya huduma ya umma ubavu kwa ubavu, jambo baada ya jambo, ili anayepiga kura kikaoni ajue anachagua nini. Msimamo wangu nautoa mapema. Jinsi ya kumhudumia mtu aliyesimama kaunta tunaweza kujifunza sokoni bila wasiwasi. Lakini kitabu gani kiwepo, na nani aruhusiwe kukisoma, hayo soko lisiachiwe kuyaamua.

Fikra hizi zilivyotufikia

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya aligharimiwa na serikali, na hata pesa ya matumizi, ile waliyoiita "boom", aliipata. Mwaka 1991, enzi za marekebisho ya uchumi yaliyosukumwa na Benki ya Dunia, ugavi wa gharama uliingia vyuoni, na mwaka 1995 ikaundwa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ili mwanafunzi akope. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia, wale wa "parallel", na vyuo vingine vikafuata. Madarasa yakajaa jioni na wikendi. Kampasi ndogo zikafunguliwa juu ya maduka na benki katikati ya miji, Kisumu na Nakuru zikiwemo. Karo iliingia, lakini maktaba za kampasi hizo mara nyingi zilikuwa chumba kimoja, rafu chache na mlinzi mlangoni.

Kisha zikaja kandarasi za utendakazi katika mashirika ya umma kuanzia mwaka 2004. Mabango ya huduma kwa wateja yakapanda kwenye kuta za maktaba, na vyeti vya ISO vikatundikwa kando yake. Mwaka 2016, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ulipodhibitiwa vikali, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walishuka hadi chini ya 90,000, ilhali mwaka uliotangulia walikaribia 170,000. Wanafunzi wa kujilipia wakapungua sana na pesa zao zikaondoka nao. Mwaka 2023 serikali ikaleta mfumo mwingine wa ufadhili, na vyuo vikaanza kuhesabu upya kila shilingi. Maktaba haina darasa lake wala karo yake ya kukusanya, kwa hiyo panga la bajeti huifikia mapema.

Hapo ndipo lugha ya soko inapovutia. Mkutubi akionesha takwimu za "wateja walioridhika", anatumaini ataachiwa kitu. Simlaumu.

Majarida: kukodi, kumiliki au kuungana

Hapa ndipo pesa nyingi zinapokwenda, kwa hiyo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 wachapishaji wakubwa wameuza majarida kwa furushi. Badala ya kuchagua majarida 50, unalipia maelfu kwa pamoja na kuyasoma mtandaoni. Tuseme ukweli: kwa chuo kichanga cha Bungoma au Bondo, furushi ni neema kubwa. Majarida ya karatasi yalikuwa yakifika kwa posta baada ya miezi, yakiwa yamekosa matoleo katikati. Leo mwanafunzi wa uzamili anafungua makala ya wiki iliyopita akiwa hosteli. Anayesema turudi kwenye karatasi tupu hajui wanafunzi hao walivyohangaika.

Ila furushi ni la kukodi, na kodi yake hulipwa kwa dola. Tuseme chuo kimekubali mkataba wa dola 20,000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2021 dola ilipouzwa kama shilingi 110, huo ulikuwa mzigo wa shilingi milioni 2.2. Januari 2024 dola ilipogusa shilingi 160, mkataba ule ule ulidai milioni 3.2. Bei haikupanda hata senti, lakini milioni nzima imetoweka, nayo huchotwa kwenye kasma ya vitabu kwa sababu mshahara hauguswi na stima lazima ilipwe. Baadaye shilingi ilipata nafuu, na vitabu vilivyokosa kununuliwa mwaka ule havikununuliwa tena.

Jambo la pili: ukiacha kulipa, unafungiwa. Makala ambayo wanafunzi wako walinukuu mwaka jana hayafunguki tena mwaka huu, isipokuwa mkataba umetaja haki ya kudumu kwa miaka uliyolipia. Mikataba mingi ya bei nafuu haitaji haki hiyo. Aidha, mikataba mingi ina kifungu cha kuficha bei, kwa hiyo chuo cha Kakamega hakiwezi kujua jirani yake wa Kisii anatozwa ngapi kwa kitu kile kile. Muuzaji anazijua bei zote mbili. Wanunuzi, kila mmoja anaijua yake tu.

Hata matajiri wamelalamika. Mwaka 2012 baraza la ushauri la wahadhiri kuhusu maktaba huko Harvard liliwaandikia wenzao kwamba gharama za majarida ya wachapishaji fulani zilikuwa zimekaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka na hazibebeki tena. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California kiliachana na mchapishaji Elsevier, kikakaa nje ya mkataba kwa takriban miaka 2, kikarudi mwaka 2021 kwa masharti mapya. California ina kampasi 10 na watafiti ambao makala yao mchapishaji anayahitaji, kwa hiyo ikisusa inasikika. Chuo kimoja cha Nyanza kikisusa, muuzaji anaenda zake.

Upande wa vitabu vya kielektroniki hali ni hiyo hiyo. Februari 2025 kampuni ya Clarivate, iliyoinunua ProQuest, muuzaji wa hifadhidata na vitabu vya kielektroniki, mwishoni mwa 2021, ilitangaza kwamba itaacha kuuza vitabu kwa malipo ya mara moja yanayokupa haki ya kudumu, na badala yake itauza kwa kulipia kila mwaka. Wakutubi wa nchi nyingi walipopaza sauti, tarehe ikasogezwa hadi katikati ya 2026. Tarehe ilisogezwa, mpango ukabaki. Kamati iliyokuwa ikijipa moyo kwamba "tutanunua vichache vichache na kuvimiliki" inapaswa kujua mlango huo unazidi kuwa mwembamba.

Sasa tugeukie kumiliki, na tusiipambe njia hiyo. Kitabu cha karatasi kinatoka nje kwa bei ya nje, kisha Sheria ya VAT ya 2013 ikaongeza asilimia 16 juu yake. Kinahitaji rafu, mtu wa kukipanga, na paa lisilovuja. Pia nakala 1 ya kitabu cha kiada kwa darasa la wanafunzi 300 haimsaidii yeyote ila yule anayeamka mapema. Faida yake ni kwamba hakuna anayeweza kukufungia. Kitabu cha takwimu kilichonunuliwa mwaka 2005 kingali kinafundisha takwimu, stima ziwepo zisiwepo, bando liwepo lisiwepo.

Njia ya tatu ni kuungana. KLISC, ushirika wa maktaba za Kenya ulioanza mwaka 2003, hukusanya vyuo vya umma na vya binafsi na kuzungumza bei kwa niaba ya wote, kisha kila mmoja analipa mgao wake. Hii nayo inatumia nguvu ya soko, lakini kutoka upande wa mnunuzi, na kwangu ndiyo matumizi bora kabisa ya fikra za kibiashara ambayo maktaba zetu zimewahi kuyafanya. Udhaifu wake ni ule wa chama chochote: mwanachama asipotoa mgao wake kwa wakati, wenzake wanayumba. Tena furushi lililochaguliwa kwa ajili ya wengi halimfai kila mmoja sawasawa. Chuo cha uhandisi na chuo cha ualimu havisomi majarida yale yale.

Kuna pia vya bure, na kamati nyingi huvisahau kwa sababu hakuna muuzaji anayekuja kuvitangaza. AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika, lipo tangu 1998. DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria, ilianza 2003 huko Lund, Sweden. HINARI ya afya ilianza 2002 na AGORA ya kilimo 2003, zote zikiwa mipango ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji kwa ajili ya nchi za kipato kidogo. Nimewahi kukuta chuo kinalipia jarida ambalo tayari kilikuwa na haki ya kulisoma bure. Ukaguzi wa siku chache ungegundua.

Hata hivyo bure ya HINARI inategemea hisani. Januari 2011 wachapishaji kadhaa wakubwa waliyaondoa majarida yao kwa wasomaji wa Bangladesh, wakayarudisha baada ya kelele za madaktari na watafiti. Na bure ya ufikiaji huria mara nyingi humhamishia gharama mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021, ada yake kwa makala moja ilikuwa euro 9,500, zaidi ya shilingi milioni 1. Mhadhiri wa Maseno atasoma bure, ila kuandika humo kwa mshahara wake hawezi.

Kwa majarida, basi, mpangilio wangu ni huu: anza na vya bure na uvifundishe kwa bidii, kisha ingia ushirika, na furushi lako mwenyewe liwe la mwisho, kwa ajili ya fani ambayo ushirika haukuifikia.

Nani achague vitabu: mbonyezo wa msomaji au jicho la mkutubi

Njia ya soko hapa ina hoja nzito, na anayeipuuza hana haki ya kuipinga. Mwaka 1979 utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani, ulioongozwa na Allen Kent, ulionesha kuwa karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja miaka 6 baadaye. Ni fedha nyingi zimelala kwenye rafu. Kutokana na aibu hiyo ukakua ununuzi unaofuata matakwa ya wasomaji. Muuzaji anaweka orodha ya maelfu ya vitabu kwenye katalogi yako. Msomaji akikifungua kitabu na kukisoma kwa muda fulani, ndipo maktaba inatozwa. Hulipii kisichosomwa.

Kwa nakala za ziada za vitabu vya kiada, njia hii inafaa sana. Ukiona kitabu cha uhasibu kimewekewa foleni muhula mzima, takwimu zimeshakuamulia, nunua nakala nyingine.

Shida ni kwamba kitabu kisichomo kwenye orodha ya muuzaji hakiwezi kubonyezwa. Orodha hizo zinaandaliwa mbali, kwa ajili ya wanunuzi wakubwa. Tafuta humo ripoti za kaunti kuhusu magugu maji ziwani, masimulizi ya wazee wa Abagusii, sarufi ya Lubukusu, historia ya viwanda vya sukari vya Muhoroni na Mumias. Utaambulia kidogo mno, na mfumo utahesabu kwamba hakuna aliyevihitaji.

Nitatoa mfano ulionifunza mengi. Afisa wa kilimo kutoka Siaya alikuja maktabani akiulizia kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Kwenye hifadhidata tuliyokuwa tukiilipia tulipata makala mengi, mengine kuhusu mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia ukingoni, iliyoendelezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Ni mazuri, akayachukua. Lakini aliyotaka hasa ni jinsi wakulima wa tarafa yake walivyoipokea mbinu hiyo, na kwa nini wengine waliiacha. Jibu lilikuwa kwenye tasnifu ya mwanafunzi wetu wa uzamili, yenye jalada jeusi gumu na maandishi ya dhahabu mgongoni, kwenye rafu ya nyuma ambayo watu huitumia kuegemea wakipiga simu. Mwishoni mwa tasnifu kulikuwa na hojaji kwa Dholuo pamoja na tafsiri yake. Afisa yule aliketi nayo hadi tukazima taa. Kwenye ripoti ya matumizi, tasnifu ile ilikuwa na sifuri.

Kwa kipimo cha soko ingekuwa ya kwanza kuondolewa. Kwa kazi ya chuo kilichojengwa katikati ya wakulima hao, ilikuwa na thamani kuliko nusu ya furushi.

Tena matakwa yakiachwa peke yake hufuata wingi wa wanafunzi. Biashara na teknolojia ya habari zina maelfu, zitabonyeza sana. Idara ya historia au ya Kiswahili ina darasa dogo, na kitabu chake kitaonekana hasara kila mwaka hadi idara yenyewe ionekane hasara. Kwa hiyo ningetenga kasma isiyoguswa na takwimu za uazimaji kwa ajili ya machapisho ya eneo letu, lugha zetu na fani zenye wanafunzi wachache, na kuikabidhi kwa mkutubi na wahadhiri waandike sababu za kila kitabu. Tasnifu ziingizwe kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. DSpace, programu huria iliyotengenezwa na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002, inafanya kazi hiyo bila leseni ya kulipia.

Mfumo wa kompyuta

Hapa sitachelewa. Koha, programu huria ya maktaba, ilizaliwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na leo iko katika maktaba nyingi za vyuo vya Kenya. Mfumo wa kibiashara unakuja na msaada wa simu, mafunzo na ripoti za kupendeza. Koha inahitaji mtu wa TEHAMA anayeijua. Ukiwa naye, au mkiweza kumlipa kwa pamoja vyuo viwili vitatu, chukua Koha na pesa za leseni zinunue vitabu. Usipokuwa naye na huna mpango wa kumpata, mfumo utazimika siku ya kwanza ya usajili, na bure yake itakugharimu. Vyovyote iwavyo, kabla ya kutia saini hakikisha kumbukumbu za katalogi yako zinaweza kutolewa zote na kuhamishiwa kwingine.

Ada na faini

Wanaotetea ada wanasema anayetumia ndiye alipe, na kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Kwenye faini nakubaliana nao kwa sehemu. Kitabu kimoja kikikaa hosteli miezi miwili, wengine wanaumia, na faini ndogo inakirudisha. Ada ya huduma ni jambo jingine.

Tazama kaunta ya vitabu vya akiba asubuhi. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili amefika kabla ya mlango kufunguliwa, kwa sababu kitabu cha afya ya jamii kipo kimoja na kinaazimwa kwa saa 2 tu, bila kutoka nje ya chumba. Sura anayoihitaji ina kurasa 40. Kwa shilingi 5 ukurasa, kuitoa kopi ni shilingi 200, ambayo ni chakula chake na nauli. Anatoa simu yenye kioo kilichopasuka, anakisogeza kitabu dirishani penye mwanga, na kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa, akifuta zile zilizotokea kiza. Picha 12 zinaingia, simu inamwambia nafasi imejaa. Anaanza kufuta picha za nyumbani kwao ili sura iingie.

Sasa mwekee ada ya kuazima vitabu vya akiba, hata shilingi 20 kwa saa. Kwa mhasibu ni hela ndogo, ikizidishwa kwa wanafunzi wote inajaza pengo. Kwa msichana yule ni sababu ya kutokuja. Na asipokuja, hatalalamika, hatajaza fomu ya maoni, hataonekana kwenye takwimu yoyote. Ripoti itasema matumizi yamepungua kidogo na mapato yamepanda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika fikra hizi: anayeshindwa kulipa anahesabiwa kama asiyehitaji.

Kama lazima pesa zitafutwe, zitafutwe nje ya kusoma. Kodisha ukumbi kwa warsha, toza kampuni zinazotaka huduma ya utafiti, uza kopi za rangi na ujalidi wa tasnifu kwa bei ya haki, karibisha mwenye mkahawa alipe kodi. Kusoma, kuazima, kuingia mtandaoni na kuulizia kaunta vibaki bila malipo ya ziada, kwa kuwa mwanafunzi ameshalipia maktaba ndani ya karo yake.

Kupima kazi

Vipimo vya kuridhika kwa wateja vilitoka kwenye utafiti wa masoko. SERVQUAL ilichapishwa mwaka 1988 na wasomi wa biashara wa Marekani, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa LibQUAL+ kwa ajili ya maktaba. Inauliza msomaji anatarajia nini, anavumilia nini, na anapata nini. Navipenda vipimo hivi pale vinapogusa adabu ya wahudumu, usafi wa vyoo, mwanga, kelele na muda wa kusubiri. Kabla ya mabango yale, baadhi yetu wakutubi tulikuwa wakali kupita kiasi, na mwanafunzi aliogopa kuuliza. Mabango yametubadilisha, na shukrani zangu kwa hilo ni za dhati.

Njia ya zamani ilihesabu vitabu na viti, na hesabu hizo zilidanganya pia. Maktaba ilijivunia vitabu elfu kadhaa, vingi vikiwa misaada ya matoleo ya zamani ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa hiyo sipendekezi kurudi huko.

Lakini kuridhika kunapimwa kwa aliyekwishaingia. Mwanafunzi asiyejua kwamba jarida zuri zaidi lipo ataridhika na alichokipata kwenye utafutaji wa kwanza. Ningeongeza vipimo vingine, ambavyo ni kazi ngumu zaidi: wangapi wa mwaka wa kwanza hawajawahi kuazima hata kitabu kimoja, na wanatoka kozi zipi, maswali mangapi ya kaunta yaliondoka bila jibu, tasnifu ngapi za mwaka huu zimenukuu machapisho ya hapa kwetu. Haya hayang'ai kwenye ripoti, lakini yanakwambia nani amekosekana.

Saa, viti na stima

Hapa soko linashinda na lishinde. Maktaba inayofungwa saa 11 jioni wakati wanafunzi wa jioni wanaingia darasani inajihudumia yenyewe. Saiba za karibu na lango hufungua hadi usiku kwa sababu zinajua wateja wao. Tuige hilo. Fuatilia saa ambazo viti vimejaa, hamisha zamu, weka soketi za kutosha na betri au jenereta kwa ajili ya siku stima zinapopotea, ruhusu chupa ya maji. Ukilazimika kuchagua kati ya kununua hifadhidata ya pili na kuongeza saa za usiku, ongeza saa.

Onyo dogo kuhusu kuwapa makandarasi kazi za kaunta: usafi na ulinzi ni sawa, lakini dawati la maswali liachwe kwa mkutubi. Yule afisa wa Siaya hangeelekezwa rafu ya nyuma na mtu aliyeletwa kwa mkataba wa miezi 3.

Chuo chako kiko wapi

Chuo kikuu cha umma chenye uzamili na utafiti, mfano wa vile vya Njoro, Maseno au Kakamega, kichague ushirika kwa majarida, kasma ya lazima kwa machapisho ya eneo lake, Koha na DSpace. Kinaweza kubeba furushi moja la ziada kwa fani inayokitambulisha. Egerton, kwa mfano, ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na hakuna anayetarajia maktaba yake iwe sawa na ya chuo cha sheria.

Chuo cha binafsi kinachotegemea karo kitabanwa zaidi, na usimamizi utataka takwimu. Zipeleke, ila pamoja na zile za waliokosekana. Kichague ununuzi wa kufuata matakwa kwa vitabu vya kiada, ununuzi huo uwekewe kikomo cha matumizi kwa mwezi ili bili isikushtue, na kiingie ushirika hata kama ni mgao mdogo.

Kampasi ndogo mjini na vyuo vya ufundi visianze na hifadhidata za kulipia hata kidogo. Pesa ziende kwenye nakala nyingi za vitabu vichache vinavyofundishwa kweli, intaneti ya uhakika, na mkutubi mmoja aliyesomea kazi anayewafundisha wanafunzi kutumia AJOL na DOAJ. Zungumzeni pia na maktaba ya umma ya mjini kwenu. Kisumu, Nakuru na Kakamega zinazo, na meza zake zimewasomesha wengi ambao chuo hakikuwa na kiti chao.

Mkataba wowote ukiletwa kikaoni, msomee muuzaji maswali haya na majibu yaandikwe ndani ya mkataba: bei ni kwa dola au kwa shilingi, na nyongeza ya kila mwaka ina kikomo gani? Tukiacha kulipa tunabaki na nini? Mwanafunzi anaweza kusoma akiwa nyumbani kwao Budalang'i kwa simu ya kawaida? Tunaruhusiwa kutaja bei yetu kwa vyuo vingine? Na siku orodha ya ada inapojadiliwa, wawakilishi wa wanafunzi wawe wameketi humo ndani, wakiwa wamepewa karatasi hizo siku kadhaa kabla.